Somo la Jumamosi: Muuza Vitabu wa Mtaa wa Saint-Séverin



Jumamosi iliyopita niliuliza darasani: kitabu kinatoka wapi? Mmoja wenu akasema, "Maktaba." Mwingine akasema, "Kinaletwa na gari mpaka mlangoni." Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini kabla ya maktaba na kabla ya gari kuna watu. Leo tutasoma habari za mmoja wao. Someni kwa sauti, mzazi aya moja, mtoto aya moja. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

KISA

François Maspero alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1932, katika familia ya wasomi. Babu yake, Gaston Maspero, alikuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale nchini Misri. Jengo la televisheni ya taifa mjini Cairo hadi leo huitwa Maspero kwa sababu yake. Baba yake, Henri, alikuwa bingwa wa historia na lugha ya China.

Mwaka 1944 François alikuwa na miaka 12 na Ufaransa ilikuwa imetekwa na Ujerumani. Kaka yake, Jean, alijiunga na wale waliopigana kwa siri dhidi ya Wajerumani. Mwezi wa Julai wazazi wao walikamatwa na kupelekwa kambini Ujerumani. Jean aliuawa vitani mwaka huohuo. Baba alifariki katika kambi ya Buchenwald mwezi Machi 1945. Mama alirudi akiwa hai.

Fikirini mtoto wa umri wenu, anamngoja kila siku mtu atakayefungua mlango. Alipokua, jambo moja lilimkaa moyoni: watu wakionewa, usinyamaze.

Shuleni hakuwa na makuu. Mwaka 1955, akiwa na miaka 23, alifungua duka dogo la vitabu. Miaka miwili baadaye akachukua duka jingine katika mtaa wa Saint-Séverin, mahali wanapopita wanafunzi wengi wa vyuo vya Paris. Duka hilo liliitwa La Joie de lire, yaani Furaha ya Kusoma. Lilikuwa wazi mpaka usiku. Ungeweza kusimama hapo saa nzima ukisoma bila kuulizwa, "Unanunua au hununui?" Ndani yake kulikuwa na vitabu kuhusu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ambavyo madukani kwingine havikupatikana kwa urahisi.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa vitani Algeria. Waalgeria walikuwa wametawaliwa tangu mwaka 1830, na mwaka 1954 walianza kupigania uhuru wao. Serikali ya Ufaransa haikutaka wananchi wake wasome kuhusu mateso waliyofanyiwa wafungwa huko. Wachapishaji wachache tu walithubutu kuyatoa. Maspero akaona kuuza vitabu vya wengine hakutoshi. Mwaka 1959 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, jina lake likiwa mlangoni.

Mmoja wa waandishi wake wa kwanza alikuwa Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa kisiwa cha Martinique. Fanon alifanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria. Huko alishirikiana na wauguzi kubadilisha maisha ya wodini, wakawafungulia wagonjwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali ili wakae na kuzungumza kama watu walio kwao. Vita vilipopamba moto aliwatibu walioteswa, na aliwatibu pia askari waliotesa. Mimi ni muuguzi, na hapo ndipo nilipompenda daktari huyu, maana mgonjwa hachaguliwi. Lakini Fanon aliona kwamba dawa peke yake haitoshi ikiwa ugonjwa unatoka kwenye dhuluma. Akaacha kazi ile na kujiunga na Waalgeria.

Kitabu chake kuhusu vita vya Algeria kilichapishwa na Maspero mwaka 1959, kikapigwa marufuku. Mwaka 1961, akiwa mgonjwa wa saratani ya damu, Fanon alitunga kitabu kingine mjini Tunis: Les Damnés de la terre. Maspero alikitoa mwishoni mwa mwaka huohuo. Polisi wakakamata nakala zake. Tarehe 6 Desemba Fanon alifariki hospitalini Marekani. Alikuwa na miaka 36 tu.

Maspero alishtakiwa, akatozwa faini na vitabu vyake vikachukuliwa mara kwa mara. Duka lake lilitegwa mabomu na Wafaransa wenzake ambao hawakutaka Algeria iwe huru. Kila mara alifagia vioo, akapanga vitabu upya, akafungua.

Hata baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, mambo hayakutulia. Mwaka 1972 alichapisha kitabu cha Mongo Beti, mwandishi wa Kameruni aliyeishi Ufaransa, kilichoeleza hali mbaya ya nchi yake baada ya uhuru. Serikali ya Ufaransa ilikipiga marufuku. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 marufuku ikaondolewa. Miaka mingi baadaye Mongo Beti alirudi kwao, na mwaka 1994 akafungua duka la vitabu mjini Yaoundé.

Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha. Mabomu hayakulifunga duka la Maspero, wala faini peke yake hazikulifunga. Wasomaji nao walichangia. Vijana wengi waliingia, wakaficha vitabu ndani ya makoti, wakatoka bila kulipa. Walisema kitabu ni mali ya umma, na kwamba muuza vitabu anayetetea wanyonge hana haki ya kudai pesa. Maspero alikataa kuwaitia polisi, kwa sababu polisi walewale ndio waliokuwa wakimchukulia vitabu. Hasara ikapanda juu ya hasara. Katikati ya miaka ya 1970 akaliacha duka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikabidhi na kampuni pia, nayo ikabadilishwa jina kuwa La Découverte. Bado ipo.

Yeye mwenyewe hakuviacha vitabu. Aligeuka mwandishi na mfasiri, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1984. Alifariki Paris mwaka 2015, akiwa na miaka 83.

KISA HIKI KINATUHUSU NINI?

Mwaka 1978, Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilitoa kitabu kiitwacho Viumbe Waliolaaniwa. Wafasiri wake walikuwa Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Ni kitabu kilekile cha Fanon ambacho polisi wa Paris walikikamata, sasa kikizungumza Kiswahili.

Hesabuni mikono: mwandishi mgonjwa Tunis, mchapishaji Paris, wafasiri wawili, wachapishaji Dar es Salaam, na muuza vitabu aliyekiweka rafuni. Mkono mmoja ukilegea, kitabu hakifiki. Mkono wa mwisho ni wako wewe unayenunua na kusoma. Sisi tunaoishi mbali na nyumbani hulalamika kwamba vitabu vya watoto vya Kiswahili ni vichache. Ni kweli. Lakini tukiomba kila kitabu tutumiwe picha zake kwenye simu, bure, tunakuwa kama wale vijana wa makoti. Tunampenda Maspero huku tunamfilisi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

SARUFI: MAJINA YA WENYE KAZI

1. Kopa, kopesha. Anayekopa ni mkopaji. Anayempa mwingine mkopo ni mkopeshaji. Vivyo hivyo: chapa, chapisha. Mchapaji anaendesha mashine ya kuchapa. Mchapishaji ndiye anayefanya kitabu kichapwe: anachagua maandishi, analipa gharama na kubeba hasara. Polisi walipokuja, walimtafuta mchapishaji.

2. Tukisema kazi peke yake, neno huishia na -ji: muuzaji, mpigaji. Tukiweka kitu mara baada yake, bila "wa", -ji huondoka: muuza vitabu, mpiga picha, mpiga chapa. Kwa hiyo ni muuzaji wa vitabu au muuza vitabu. Vyote ni sahihi.

Zoezi: Tengenezeni majina kutokana na vitenzi hivi, kwa njia zote mbili: kata (nyasi), piga (ngoma), uza (samaki), cheza (mpira).

MANENO YA LEO

Dhuluma: kumnyima mtu haki yake.
Marufuku: jambo lililokatazwa na mamlaka.
Mfasiri: anayehamisha maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine.
Nakala: kila kitabu kimoja kati ya vingi vilivyochapwa pamoja.
Filisi: kumfanya mtu aishiwe na mali.

MASWALI

1. Ni nani katika familia ya François ambao hawakurudi baada ya vita?
2. Kwa nini aliamua kuwa mchapishaji na si muuza vitabu tu?
3. Fanon alikuwa na kazi gani kabla ya kujiunga na Waalgeria?
4. Kitabu cha Fanon kinaitwaje kwa Kiswahili, na kilitoka mwaka gani?
5. La kujadili: Je, Maspero alifanya vyema kukataa kuwaitia polisi waliomwibia? Mimi naona alipaswa angalau kusimama mlangoni na kuwadai pesa yake. Mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa aliposoma kisa hiki alinibishia, akasema angekuwa amejisaliti. Nyinyi mnasemaje? Toeni sababu.

KAZI YA NYUMBANI, MTOTO NA MZAZI

Chukueni kitabu kimoja cha Kiswahili kilichopo nyumbani. Fungueni kurasa za mwanzo, mtafute jina la mwandishi, la mchapishaji, mji na mwaka. Kisha mzazi amsimulie mtoto: kitabu hiki kilifikaje hapa? Nani alikibeba, nani alikinunua? Andikeni mistari mitano, mje nayo Jumamosi.

Kama nyumbani hamna hata kimoja, msione aibu. Njooni mapema, tutachagua pamoja kwenye sanduku la darasa. Lakini mkikiazima, kirudisheni.

Tuonane Jumamosi, inshallah.

Mwalimu wenu