Mfunze Mtoto wa Mbwa Kuja Anapoitwa

Kila msimu wa chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa, wapo wakazi wanaofika kituoni mikono mitupu. Mbwa wanaye, lakini alipoitwa alikimbilia shambani, na alipofukuzwa akaruka ua.

Mbwa kama huyo hubaki bila chanjo, na boma zima hubaki hatarini. Kichaa cha mbwa hakina tiba pindi dalili zinapojitokeza kwa binadamu, na karibu visa vyote kwa watu hutokana na kuumwa na mbwa. Mpango wa kitaifa wa kuangamiza ugonjwa huu, ulioanza mwaka wa 2014, unalenga kukomesha vifo vya binadamu kufikia mwaka wa 2030. Ili lengo hilo litimie, angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa kila mwaka.

Mbwa anayekuja anapoitwa ni rahisi kumfikisha kwenye chanjo. Ni rahisi pia kumzuia asikatize barabara mbele ya bodaboda, asifukuze mbuzi wa jirani na asiwarukie watoto wanaokwenda shuleni. Mafunzo haya hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji dakika chache kila siku na subira.

Lini uanze

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mamake kabla ya kutimiza wiki 8. Akishafika kwako, anza siku hiyo hiyo. Umri huu ndio bora zaidi, kwa kuwa bado anapenda kumfuata mtu kila aendako. Kabla hajachanjwa, mafunzo yafanyike ndani ya boma lako, mbali na mbwa wasiojulikana.

Kwanza, familia ikubaliane kuhusu neno moja. Baba akisema "njoo", mtoto akisema "kuja" na mama akipiga mbinja, mbwa hatajua amri ni ipi. Chagueni neno moja, na kila mtu alitumie hilo.

Andaa pia zawadi: vipande vidogo, vya ukubwa wa punje ya hindi, vya kitu anachokipenda. Nyama iliyochemshwa, omena au ugali uliochovywa kwenye supu vinatosha. Usimpe matumbo, mapafu au maini mabichi kutoka machinjioni, kwani humwambukiza mbwa minyoo ya tegu, ambayo mayai yake huweza kumdhuru binadamu. Usimpe mifupa iliyopikwa pia, kwani huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Hatua kwa hatua

1. Karibu, mahali tulivu. Mbwa akiwa na njaa kidogo, chuchumaa hatua 2 au 3 kutoka alipo. Taja jina lake, kisha sema "njoo" mara moja kwa sauti ya uchangamfu. Akifika tu, mpe zawadi na umsifu. Rudia mara 5 au 6, kisha pumzika. Vipindi 3 vya dakika 5 kwa siku ni bora kuliko kipindi kimoja cha nusu saa.

2. Watu wawili. Mmoja asimame upande huu wa uwanja na mwingine upande ule, wamwite kwa zamu. Kila anapofika apate kitu. Watoto wanaweza kushiriki wakisimamiwa na mtu mzima, na hapo mbwa hujifunza kumtii kila mtu wa nyumbani.

3. Shika mkanda kwanza. Akifika, shika kwa upole mkanda wake wa shingoni, mpe zawadi, kisha mwachilie aendelee kucheza. Wengi huiruka hatua hii, lakini ndiyo itakayosaidia siku ya chanjo, kwa sababu mbwa hatashtuka akishikwa.

4. Kamba ndefu. Mahali pa wazi, funga kamba nyepesi ya mita 5 hadi 10 kwenye mkanda huo. Usitumie kitanzi kinachokaza shingo. Mwite mara moja. Asipokuja, usimburute, rudi nyuma hatua chache ukimchangamsha, naye atafuata. Kamba ni ya kumzuia asitoroke tu.

5. Vishawishi. Akishamudu, mfunze kuku wakiwa kwa mbali, kisha mbuzi, kisha watu wanaopita njiani. Ongeza kishawishi kimoja kwa wakati. Akishindwa, sogea mbali zaidi nacho na uanze tena. Usimwache huru karibu na barabara hadi awe anakuja kila mara akiwa kwenye kamba.

Makosa yanayoharibu kazi

Kosa kubwa ni kumpiga mbwa anapofika. Mwenye mbwa huita mara 10, hukasirika, na mbwa akija hatimaye huchapwa kwa kuchelewa. Mbwa haelewi kwamba amechelewa. Anachoelewa ni kwamba alikuja akapigwa, na kesho hatakuja. Hata akichelewa kiasi gani, akifika apokewe vizuri.

Kosa la pili ni kumwita kwa mambo asiyoyapenda pekee, kama kufungwa, kuoshwa au kudungwa sindano. Mwite mara nyingi bila sababu, mpe zawadi, kisha mwachilie. Ukitaka kumwosha, mfuate alipo.

La tatu ni kumkimbiza. Kwa mtoto wa mbwa, kukimbizwa ni mchezo, naye ana kasi kukuliko. Geuka ukimbilie upande mwingine huku ukimwita. Mara nyingi atakufuata.

Akifikisha umri wa kati ya miezi 6 na mwaka mmoja, huenda akaanza kukupuuza. Huo ni ujana, si ukaidi wa kudumu. Mrudishe kwenye kamba na zawadi kwa wiki chache.

Siku ya chanjo

Kwa kawaida, chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kulingana na ratiba ya daktari wa mifugo. Siku hiyo mwite mapema, mfunge kamba na mpeleke akiwa na mtu mzima anayemfahamu. Beba zawadi chache umpe baada ya sindano. Hifadhi cheti chake mahali salama.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mdogo wa nyumbani, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kisipakwe pilipili, majivu wala dawa za kienyeji.

Wakazi wenye watoto wa mbwa wanahimizwa kuanza mafunzo sasa, na kuuliza tarehe za chanjo katika ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo yao.