Shisha na mkono wa polisi

SWALI: Naishi Biryogo, Kigali. Shisha ina madhara, sikatai. Lakini kwa nini marufuku ya afya igeuke kazi ya polisi?

JIBU: Ndugu yangu, Wizara ya Afya ya Rwanda ilipopiga marufuku shisha Desemba 2017, ilikuwa na sababu za kweli. Ladha ya tufaha au mnanaa huficha ukali wa moshi, na maji ya kwenye chupa hayaondoi sumu. Ila sigara ziliachwa madukani. Sheria ikikataza tumbaku ya baraza moja na kuiacha ya nyingine, polisi hujua pa kwenda.

Aliye rahisi kukamatwa ni mhudumu aliyeshika koleo la makaa, si mwagizaji wa mzigo. Na Kigali tuna kituo cha Gikondo, maarufu kama Kwa Kabuga, ambako Human Rights Watch imeeleza kwa miaka mingi jinsi wachuuzi na watoto wa mitaani wanavyozuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Penye mazoea hayo, kila katazo jipya humwongezea askari kisingizio.

Marekani hofu ni hiyohiyo kuhusu kupiga marufuku sigara za mentholi, ambazo Wamarekani weusi wengi huvuta. Eric Garner alikufa New York mwaka 2014, akikabwa na polisi waliomshuku kuuza sigara mojamoja.

Mimi naunga mkono katazo. Lakini adhabu imfuate mwenye leseni na mwagizaji: faini, kunyang'anywa vifaa, kufungiwa biashara. Mvutaji apelekwe kwa mshauri wa afya, asipandishwe karandinga.