Ardhi Haimfuati Mkulima Hodari

SWALI: Mbona mavuno ya Malawi ni haba ilhali wakulima ni wengi na wanajituma? Si suala la mbolea tu?

JIBU: Mbolea ni sehemu tu. Tazama ardhi inavyopatikana: vijijini huko wengi huipata kwa urithi au kupitia chifu, wachache mno hununua au kukodi. Basi fundi wa kilimo anabanwa kwenye eka zake mbili, na jirani yake, ambaye magugu yamemfika kiunoni, naye ana mbili.

Wachumi Diego Restuccia na Raül Santaeulàlia-Llopis walichambua takwimu za kaya za Malawi, wakitenga athari za mvua na rutuba. Waligundua ardhi na mtaji havifuati uhodari. Vingeufuata, tija ya kilimo ingepanda mara 3.6. Hayo ni makadirio ya karatasini, mimi sitarajii yatimie yote.

Wala sisemi wanyonge wanyang'anywe. Kukodisha kunasaidia sana: mwenye shamba anapata kodi, hodari anapanua kilimo. Kinachowazuia watu ni hofu kwamba mpangaji akizoea atadai ni pake. Ukikodisha, andikianeni mkataba wenye muda na mipaka, mbele ya mashahidi.