Kuutunza Moyo Wakati wa Siasa: Somo kwa Wakaazi wa Wesha

Ndugu mkaazi wa Wesha, karafuu zina msimu wake, kaskazi na kusi zina nyakati zake, na mvuvi anajua mwezi gani bahari ya Misali humruhusu na mwezi gani humkataza. Siasa nayo ina msimu wake, ambao hutufikia kila baada ya miaka mitano. Katika msimu huo usingizi hupungua, sauti barazani hupanda, mama wa nyumba huweka akiba ya mchele na mafuta ya taa, na mzee mwenye shindikizo la damu hukaa na redio sikioni hadi usiku wa manane. Baada ya matokeo kutangazwa, wapo wanaorudi katika hali zao kwa wiki moja, na wapo ambao mioyo yao haitulii kwa miezi.

Somo hili halimwelekezi mtu ampigie nani kura, wala halimtaki aache kuijali nchi yake. Linahusu afya: namna hofu ya siasa inavyoingia mwilini, namna ya kuipunguza, na wakati gani msaada wa daktari unahitajika.

Hofu yetu ina historia

Mtu wa Pemba anayepata wasiwasi uchaguzi unapokaribia si dhaifu wa imani wala wa akili. Ana kumbukumbu, zake mwenyewe au alizorithi kwa wazee wake.

Mwezi Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Baraza la viti 22 liligawika kumi na moja kwa kumi na moja, na ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi Juni mwaka huo huo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, uchaguzi wa 1995 ulimpa mshindi wa urais wa Zanzibar asilimia 50.2 na mpinzani wake asilimia 49.8. Ushindani unapokuwa mwembamba kiasi hicho, kila mtu huhisi kwamba kura yake, na ya jirani yake, ndiyo itakayoamua kila kitu.

Yalifuata mazito zaidi. Maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yaliishia katika damu. Tume iliyoundwa na Serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31, na watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwenda kutafuta hifadhi Shimoni, nchini Kenya. Mwaka 2015 watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba, na siku tatu baadaye uchaguzi ukafutwa. Ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, na kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na takriban miezi mitano ya kusubiri. Na katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, wengi wenye jamaa zao Dar es Salaam na kwengineko walikaa bila habari zao kwa njia waliyoizoea.

Ila historia hiyo hiyo ina ukurasa mwengine. Mwezi Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kukubaliana kuzika uhasama. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni iwapo wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa salama. Tumewahi, basi, kuishi msimu wa siasa bila ya kuumizana, na lililowezekana mara moja haliwezi kuitwa muhali.

Namna mwili unavyoipokea hofu

Mtu anayeparaga mkarafuu na ghafla akaona nyoka tawini hahitaji kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hwenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na chakula tumboni husita kusagika. Baadaye kidogo homoni ya kotisoli huuweka mwili katika tahadhari. Nyoka akishaondoka, mwili hurudi katika hali yake.

Tatizo la hofu ya siasa ni kwamba nyoka wake haondoki. Kila ujumbe wa simu, kila gari la matangazo, kila mnong'ono wa sokoni humrudisha tawini. Mwili unaokaa katika tahadhari kwa wiki nyingi huchoka, na uchovu huo hudhihirika kwa dalili hizi: kukosa usingizi au kuamka kabla ya alfajiri, kuumwa kichwa, mabega na tumbo, hasira za haraka kwa watoto, kusahau, kupoteza hamu ya chakula, na moyo kudunda bila sababu ya wazi. Kwa wenye shindikizo la damu au kisukari, msongo unaweza kuzidisha maradhi yenyewe, na zaidi ikiwa mgonjwa ameshughulika hata akasahau dawa.

Jambo hili halikutuhusu sisi peke yetu. Nchini Marekani, chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo kiliwauliza watu wazima kuhusu uchaguzi wa rais. Mwaka 2016 asilimia 52 walisema uchaguzi ni chanzo kikubwa cha msongo katika maisha yao, na mwaka 2020 waliosema hivyo walifika asilimia 68.

Hatua tano za kujisaidia

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha mafunzo ya kukabiliana na msongo, kwa ajili ya watu wanaoishi katika shida za kweli. Baadhi ya hatua zifuatazo zinatokana na mafunzo ya aina hiyo, na nyengine ni desturi njema zinazofaa katika maisha yetu.

Ya kwanza, pokea habari kwa kipimo. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilitungwa kabla ya simu za mkononi. Leo lisemwalo huenda limetungwa na mtu asiyejulikana, au ni picha ya nchi nyengine ya miaka kumi iliyopita. Chagua nyakati mbili za siku za kusikiliza habari, kutoka chombo unachokiamini. Kabla ya kumpelekea mwenzako ujumbe, jiulize: nani kasema, amejuaje, na nikiusambaza utamfaa nani? Ukikosa jibu la hata moja, usiupeleke. Baada ya sala ya isha weka simu mbali na kitanda.

Ya pili, tia nanga. Dhoruba ikija, nahodha aliyeko bandarini hawezi kuusimamisha upepo, lakini anaweza kutia nanga ili chombo kisichukuliwe. Hofu ikikushika, kaa, bandika nyayo zote mbili chini na uzisikie zikigusa ardhi. Vuta pumzi polepole kwa pua hadi tumbo lijae, kisha itoe kwa utaratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara kumi. Kisha angalia vitu vitano vilivyo mbele yako na uvitaje, na usikilize sauti tatu. Shida uliyokuwa nayo haitakuwa imeondoka, lakini wewe utakuwa umerudi mahali ulipo.

Ya tatu, lipe wazo jina lake. Badala ya kusema "tumekwisha," sema kimoyomoyo, "Hili ni wazo la hofu kwamba tumekwisha." Tofauti ni ndogo kwa maneno na ni kubwa kwa moyo, kwani wazo ulilolitaja unaweza kulitazama, na wazo usilolitaja hukuburura.

Ya nne, gawa mambo mafungu mawili. Fungu moja liwe la yaliyo mkononi mwako: kadi yako ya kupigia kura, kauli yako, kazi yako, namna unavyomtendea jirani. La pili liwe la yasiyo mkononi mwako: hesabu za kura za majimbo mengine, maneno ya viongozi, uvumi wa mjini. Nguvu zako zipeleke katika fungu la kwanza. Ukishapiga kura, rudi kwenye wavu, shamba au duka. Kazi za mikono huupumzisha moyo, na deni la dukani halisubiri matokeo.

Ya tano, uhifadhi mwili. Kahawa ya barazani ni tamu, lakini kafeini huuchochea moyo ule ule ulioshtuka, kwa hivyo kikombe cha mwisho kiwe alasiri. Tembea kila siku, hata kwa nusu saa. Lala na uamke kwa saa zile zile. Dawa za kila siku usiziache kwa sababu ya mkutano wala ya matokeo.

Jirani kabla ya chama

Wengi wetu tunakumbuka miaka ambayo watu walisusiana maduka, wakaachiana harusi na hata mazishi kwa sababu ya rangi ya bendera. Jeraha hilo lilidumu kuliko kipindi cha serikali yoyote. Mtu aliyekosa watu wa kumzikia mzazi wake hasahau kwa miaka mitano.

Katika bandari yetu ya Wesha, dau moja hubeba mabaharia wa vyama tofauti, na chombo kikipata tundu maji hayaulizi kadi. Mgonjwa akizidiwa usiku, anayekuja kwanza ni wa mlango wa pili. Ndiyo maana ya fimbo ya mbali kutoua nyoka: kiongozi unayempenda yuko mbali, na jirani unayemnunia yuko karibu.

Kila baraza linaweza kujiwekea utaratibu wake mdogo. Saa fulani ziwe za siasa na nyengine zisiwe. Asitajwe mtu kwa ukoo wake wala kwa kabila lake. Mjadala ukiwaka, mkubwa wa baraza auzime. Na mtu mmoja mmoja ajifunze kauli ya kutokea, kama hii: "Ndugu yangu, hapa hatutaafikiana leo. Tuliache hili. Niambie, mgonjwa wako anaendeleaje?" Aliyesema hivyo hakushindwa. Amelinda kitu kikubwa kuliko hoja.

Watoto wanasikia

Mtoto huenda asifahamu maana ya uchaguzi, lakini huifahamu sauti ya baba inapobadilika. Wasiwasi wake hujitokeza kwa kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama, kuumwa tumbo asubuhi ya skuli au kucheza michezo ya kupigana. Mwambie ukweli kwa kadiri ya umri wake, kwa ufupi na kwa utulivu. Usimwonyeshe picha za damu. Saa za chakula, chuo na kulala zisibadilike, kwa sababu kwa mtoto mazoea ndiyo amani.

Utulivu na haki

Lipo swali ambalo ni halali kuulizwa: je, kumfundisha mtu kupumua ni kumfundisha kunyamaza? Hapana. Mwenye lalamiko ana haki ya kulifikisha kwa sheha, kwa diwani, kwa mwakilishi wake, kwa Tume ya Uchaguzi au mahakamani. Atalifikisha vyema zaidi akiwa amelala usingizi na kauli yake imepangika.

Na wapo miongoni mwetu ambao hofu yao haitokani na uvumi: waliofiwa, waliopigwa, waliokimbia makwao. Hao wasiambiwe "sahau." Wasikilizwe. Kumbukumbu inayomrudia mtu kwa ndoto mbaya, au inayomfanya ashtuke kila anaposikia kishindo, ni jeraha lenye tiba yake.

Wakati wa kutafuta msaada

Dalili tulizozitaja zikidumu zaidi ya wiki mbili, au zikimzuia mtu kufanya kazi, kula au kuwaangalia watoto wake, aende kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Chake Chake, na aeleze usingizi wake na moyo wake kama anavyoeleza homa. Anayesema kwamba maisha hayana maana, au anayetaja kujidhuru, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoogopa kuitwa wendawazimu. Msongo wa mawazo si wazimu, na hata maradhi makubwa ya akili hutibiwa. Dua na sala huupa moyo nguvu, na daktari hutoa tiba. Hakuna kati ya hayo linalomfukuza mwenziwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani

Jioni moja wiki hii, baada ya chakula, familia na wajadiliane haya:

1. Katika msimu wa siasa uliopita, nani kati yetu alipoteza usingizi, na nani aliligundua hilo?

2. Ni habari gani tuliisambaza, kisha ikabainika kuwa si kweli?

3. Yuko jirani au jamaa ambaye hatusemeshani naye kwa sababu ya siasa? Nani ataanza kumwendea, na lini?

Swali la tatu lisiishie kwenye mazungumzo. Kabla ya kulala, familia na itaje siku.