SOMO: GARI LA KIKUNDI LIENDE KWA H AU KWA L?



Vikundi vingine vimenunua gari la kuendeshwa na magurudumu yote manne, vingine hulikodi. Mchana linapeleka mahindi sokoni, usiku linapeleka mgonjwa hospitali. Likikwama, hasara ni yetu sote: klachi imeungua, pesa za kikundi zimekwisha, na mama mjamzito bado yuko matopeni. Kwa hivyo hili si somo la dereva peke yake. Kamati pia ielewe.

Alama zina maana gani?

Karibu na mkono wa gia kuna mkono mwingine mdogo. Magari mengine ya siku hizi yana swichi tu.

2H: Injini inasukuma magurudumu mawili ya nyuma. Ni ya lami na barabara nzuri.

4H: Magurudumu yote manne yanasukuma, lakini mwendo ni ule wa kawaida.

4L: Yote manne yanasukuma, na mwendo unapunguzwa, kwa magari mengi mara 2 au zaidi. Nguvu nayo inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ni kama kupanda mlima na gunia mgongoni: unafupisha hatua ili nguvu itoshe.

Tuchague vipi?

Jiulize: hapa nahitaji mwendo, au nahitaji nguvu na utaratibu?

1. Mchanga na matope ya tambarare: mara nyingi 4H. Gari likisimama hapo, kuondoka ni taabu. Liende bila kusita.

2. Mlima mkali, mawe, makorongo, au kuvuta gari lingine: 4L. Ukipanda kwa 4H huku umekanyaga klachi nusu nusu, utainunua nyingine.

3. Mteremko mkali: 4L, gia ya kwanza. Injini yenyewe italizuia gari. Usikanyage klachi, na breki iguse kidogo tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi zitateleza.

4. Matope mazito: 4L, lakini gia ya pili au ya tatu. Gia ya kwanza ina nguvu nyingi mno. Tairi zitazunguka bure na kujichimbia shimo. Kumbuka: L huongeza nguvu, haiongezi mshiko wa tairi.

Mambo ya kuzingatia

Chagua kabla hujaingia pabaya, si baada ya kuzama. Kama magurudumu ya mbele yana vifungo vya kuzungushwa kwa mkono, vifunge kwanza. Kuingia 4L, simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, ndipo uvute mkono. Ukifika kwenye lami kavu, rudi 2H. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na kwa lami hayawezi kuteleza kidogo, basi gia zinaumia. (Land Rover Defender ni tofauti: yote manne husukuma wakati wote. Hapo fungua ile difu ya katikati kama ilikuwa imefungwa.)

Mto uliofurika

Mto mdogo, uliopimwa kina, huvukwa kwa 4L, gia ya pili, polepole, bila kubadilisha gia majini. Lakini mto unaokwenda kwa kasi hauna gia. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao wanakwaya waliokuwa wakienda arusini. Hata gari lenye 4L maji hulibeba. Ngojeni yapungue. Dereva akisema “tungoje”, abiria wasimsukume.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika njia ya kwenda hospitali yetu, ni wapi panahitaji 4H, na wapi 4L?
2. Nani kati yetu, mbali na dereva, anajua kutumia mkono ule mdogo?
3. Mto ukifurika na tuna mgonjwa garini, tumekubaliana tutapitia wapi?