Shelisheli: visiwa vya wafalme waliofungwa na taifa la walioshushwa melini

Msomaji wa Madaba: Je, Shelisheli ilikuwa gereza la Waingereza?

Kwa watawala walioshindwa, ndiyo. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa Aprili 1899 wakapelekwa huko, na Prempeh wa Ashanti akafuata. Huku Songea Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano mwaka 1906. Waingereza waliona bahari inatosha. Nia ilikuwa ileile, kumtenga kiongozi na watu wake. Hata hivyo, si wafalme waliozaa taifa lile. Mwanga alifia visiwani mwaka 1903, Kabalega na Prempeh wakaja kuruhusiwa kuondoka. Waliobaki ni kizazi cha watumwa wa mashamba ya Wafaransa na, kuanzia 1861, zaidi ya Waafrika 2,000 ambao manowari za Uingereza ziliwaokoa kwenye majahazi ya biashara ya utumwa. Wengi wao walikuwa wametekwa bara, upande wa Ziwa Nyasa, wakateremshwa hadi pwani ya Kilwa. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sisi wa kusini kuliko tunavyodhani. Watu hao waliitwa huru, lakini wakapangiwa kazi kwa mabwana wa minazi.

Lakini James Mancham, rais wa kwanza, hakuutaka uhuru. Si Waingereza ndio waliowapa?

Hoja hiyo ina uzito. Mancham alitaka visiwa viunganishwe na Uingereza, na wapiga kura walimpa ushindi. Ila London haikutaka kuungana nao, chama cha France-Albert René kilidai uhuru, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukakiunga mkono; ndipo Mancham akageuka na kuukubali uhuru. Kwangu mimi, ushahidi mkubwa uko kwenye ardhi. Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches kwa ajili ya mipango ya kijeshi. Vilirudi siku ya uhuru, 29 Juni 1976. Koloni lisingekuwa na sauti ya kuvidai, taifa lilivipata.

Na Tanzania ilihusikaje?

Tarehe 5 Juni 1977 wafuasi wa René, baadhi yao wakiwa wamefunzwa Tanzania, walimpindua Mancham. Wapo wanaosema hapo uhuru ulikufa. Naona walichopoteza wananchi kilikuwa kikubwa: chama kimoja hadi miaka ya 1990, na wapinzani wengi uhamishoni, safari hii wakifukuzwa na serikali yao wenyewe. Lakini kura ilirudi, na mwaka 2020 Wavel Ramkalawan wa upinzani alimshinda rais aliyekuwa madarakani, akakabidhiwa ofisi kwa amani.