Misuli Iliyochoka na Tiba ya Mwanga: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia

Kijitabu hiki ni cha wakimbiaji, wachezaji mpira, wanyanyua vyuma, walimu wa mazoezi na yeyote aliyeambiwa kwamba taa nyekundu itamwondolea maumivu ya misuli.

Kwa nini misuli huuma?

Umekimbia mteremko mrefu Jumapili asubuhi. Jumatatu unashuka ngazi kwa kushika ukuta, na Jumanne hali ni mbaya zaidi. Ndivyo ilivyo: maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, kisha hupoa yenyewe.

Wengi huilaumu asidi laktiki, lakini hiyo huondoka misulini ndani ya saa moja au mbili. Kinachouma ni majeraha madogo mno ya nyuzi za misuli, hasa misuli inapokaza huku ikivutwa, kama paja linavyofanya mtu anaposhuka mlima. Mwili hutengeneza nyuzi hizo upya na kuziimarisha. Kazi hiyo inahitaji muda.

Mwanga hufanyaje kazi?

Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Katika miaka ya 1960, daktari Endre Mester wa Budapest alimulika leza kwenye ngozi ya panya walionyolewa, akaona manyoya yakirudi haraka kuliko kawaida. Hapo ndipo ulipoanza utafiti wa tiba tunayoizungumzia.

Unaotumika ni mwanga mwekundu, na mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni. Hutoka kwenye leza au taa za LED, hupenya ngozi na kufika ndani ya seli za misuli, penye mitokondria, yaani sehemu inayotengeneza nishati ya seli. Wanasayansi wengi wanaamini kuwa protini mojawapo ya mitokondria hufyonza mwanga huo, na nishati ikazalishwa kwa wingi zaidi. Tiba hii si sawa na taa ya joto. Hapa joto silo linalotibu.

Utafiti umeonyesha nini?

Watafiti wa Brazil wamewapima wachezaji wa voliboli na wa mpira wa miguu. Baadhi walimulikwa kweli, wengine waliwekewa kifaa kisichotoa mwanga bila wao kujua. Katika majaribio kadhaa, waliomulikwa walirudia zoezi mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, na damu yao ikaonyesha dalili chache za kuumia kwa misuli. Majaribio mengine hayakuona tofauti.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa:

- Wakati. Matokeo bora yamepatikana misuli ilipomulikwa kabla ya mazoezi, kuanzia dakika chache hadi saa chache kabla.
- Kipimo. Misuli midogo, kama ya mkono, hupewa jouli (kizio cha nishati) 20 hadi 60. Mikubwa, kama ya paja, jouli 60 hadi 300. Mwanga ukipungua haufanyi kazi, na ukizidi unaweza kuondoa faida yote. Kifaa kisichoonyesha kipimo chake usikinunue.

Tahadhari

- Usiangalie leza wala taa hizi. Vaa miwani maalumu ya kinga.
- Usimulike mahali penye saratani au uvimbe usiojulikana, wala tumbo la mjamzito.
- Mwambie mtaalamu dawa unazotumia. Baadhi, kama doksisaiklini, hufanya ngozi idhurike na mwanga kwa urahisi.
- Ngozi nyeusi hufyonza mwanga zaidi na hupata joto upesi, hasa chini ya leza yenye nguvu. Ukihisi kuungua, sema mara moja.
- Kuota jua si badala ya tiba hii. Jua lina miale inayochoma ngozi, na kwa mwenye ualbino hatari ni kubwa zaidi.

Nenda hospitali mara moja iwapo baada ya mazoezi makali misuli imevimba sana, imelegea, au mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Huenda misuli inavunjika na kudhuru figo. Hapo taa haina msaada.

Mambo ya kutanguliza

Lala vya kutosha. Kula chakula chenye protini: maharage, dagaa, mayai, maziwa. Kunywa maji. Ongeza mazoezi kidogo kidogo, na upe misuli siku ya kupumzika. Haya hayahitaji kifaa, na bila hayo hakuna taa itakayokusaidia.

Mwanga ni msaidizi wa misuli inayotunzwa. Ukiwa na fedha ya ziada na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua vipimo, jaribu. Ikiwa fedha yenyewe ni ya chakula cha nyumbani, nunua chakula, kisha ulale mapema.